Kodi, Njia na Uteuzi wa Motokaa

Aghalabu husemwa kwamba Mmarekani hupenda motokaa yenye injini kubwa, iendayo mbio katika njia iliyonyoka, na kwamba mtu wa Ulaya hupenda motokaa ndogo, nyepesi, yenye kutii usukani penye kona. Kauli hii ina kweli ndani yake. Walakini waisemao huigeuza kuwa habari ya tabia za mataifa, kana kwamba mmoja alizaliwa na pupa na mwingine na adabu. Daftari za kodi zasimulia habari nyingine.

Tangu mwaka 1921 Uingereza ilitoza motokaa pauni 1 kwa mwaka kwa kila nguvu moja ya farasi. Nguvu hiyo haikupimwa kwa kazi ya injini. Ilikadiriwa kwa upana wa silinda na idadi yake tu, wala urefu wa mwendo wa pistoni haukuingizwa katika hesabu. Ford Model T, ambayo nguvu yake ya kweli ilikuwa karibu farasi 20, ilikadiriwa kupita 22, na mwenyewe akalipa pauni 23. Austin Seven ya mwaka 1922 ilipata jina lake, yaani Saba, katika hesabu hiyo hiyo, na kodi yake ilikuwa kama theluthi ya ile. Mafundi wakafanya wafanyavyo watu wote mbele ya mtoza kodi: wakatafuta mwanya. Waliunda silinda nyembamba na ndefu, na injini zao zikavuta kwa subira lakini hazikupenda kuzungushwa mbio. Raha iliyokosekana katika injini ikatafutwa katika wepesi wa bodi na ustadi wa dereva. Sheria hiyo iliondolewa baada ya Vita Kuu ya Pili, lakini mazoea yalikwisha kuwa mapenzi.

Italia nayo ilizitoza zaidi motokaa zenye injini ya kupita lita 2. Hata Ferrari, nyumba isiyojulikana kwa kubana matumizi, ilitoa mwaka 1975 gari la 208 lenye silinda 8 zisizotimiza lita 2 zote pamoja.

Marekani haikuwa na mtoza kodi wa namna hiyo. Kisima cha Spindletop huko Texas kilifoka mafuta mwaka 1901, na petroli ikawa rahisi. Ardhi ya Magharibi ya Kati ilikuwa imekwisha kupimwa kwa miraba, na barabara zikafuata mistari ya wapimaji. Mwaka 1932 Ford iliwauzia watu wa kawaida injini ya silinda 8. Vijana wakashindana kutoka taa hadi taa, na mashindano ya robo maili yakapata chama chake, NHRA, mwaka 1951. Katika robo maili hakuna kona. Afundishwaye na njia hiyo atapenda nini ila nguvu?

Mkutano wa mapenzi haya mawili waonekana wazi katika herufi tatu. Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 ilikuwa na silinda 12 za lita 3 na nguvu karibu farasi 300. Herufi ya mwisho ilieleza kwamba imeidhinishwa kushindana. Pontiac ilichukua jina hilo kwa gari lake la mwaka 1964, ambalo halikuidhinishwa kwa shindano lolote. Lilikuwa na injini ya lita 6.4 na farasi 325, yaani nguvu kidogo zaidi kwa ukubwa maradufu. Ferrari ziliundwa zipatazo 36. Pontiac ziliuzwa zaidi ya 32,000 katika mwaka wa kwanza. Waliocheka wizi wa jina walikuwa na haki, lakini Mmarekani alipata mwendo kwa bei aliyoweza kulipa.

Siku hizi sheria imerudi kwa sura ya moshi. Mwaka 2022 Mercedes-AMG iliiondoa injini ya silinda 8 ya lita 4 katika C63, ikaweka ya silinda 4 ya lita 2 pamoja na mota ya umeme. Nguvu iliongezeka sana. Wapenzi wengi wa gari hilo, wa Ulaya kwa wa Marekani, walinung'unika hata hivyo, kwa kuukosa mlio.