Mittere: Kitenzi cha Kilatini Kilichofika Mabibo

Mittere ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutuma, kuachilia au kurusha. Kamusi hukitaja kwa maumbo manne: mitto (natuma), mittere (kutuma), misi (nilituma) na missum, shina linalozaa majina yake mengi. Irabu ya kwanza ni ndefu katika misi tu. T mbili na s mbili hutamkwa kwa kukazwa. Mwanasarufi Festus alihifadhi cosmittere, umbo kongwe la committere, na kwa sababu hiyo wanaisimu wengi huamini kwamba kitenzi hiki zamani kilianza na s.

Katika Kilatini cha baadaye, missa ilimaanisha kuruhusu watu waondoke. Ibada ilifungwa kwa Ite, missa est, yaani nendeni, mmeruhusiwa. Neno la kuagana likawa jina la ibada nzima. Huku Afrika Mashariki, mapadri Wafaransa wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakifuatwa na Wabenediktini wa Kijerumani waliofika Pugu mwaka 1888. Kilatini chao hakikufanana mdomoni. Caeli katika wimbo wa Regina caeli Mfaransa alilitamka seli, Mjerumani tseli, na Roma cheli, matamshi ambayo Papa Pius X aliyahimiza mwaka 1912. Missa haikuwa na tatizo hilo. Kiswahili kiliilegeza s tu, ikawa misa, na kitabu chake misale. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporuhusu lugha za wenyeji mwaka 1963, Kilatini kilipungua altareni, lakini misa ilibaki.

Tawi la pili ni missio. Wanateolojia walilitumia hasa kwa Mungu Baba kumtuma Mwana, hadi Wajesuiti, shirika lililoidhinishwa mwaka 1540, walipoweka nadhiri ya kwenda popote Papa atakapowatuma. Mmoja wao, Francis Xavier, alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Kiswahili kina misioni, iliyo karibu na Kilatini, na misheni, yenye sh ya Waingereza. Wajesuiti haohao walifungua Shule ya Sekondari ya Loyola huko Mabibo, Dar es Salaam, mwaka 1995. Nje ya geti lake, kwenye vituo vya daladala, neno lina kazi nyingine kabisa: misheni ni dili au shughuli ya kutafuta riziki, na mishemishe, inayoonekana kuzaliwa humo, ni pilikapilika za kutwa nzima.