Jibini la Meaux Lilivyovishwa Unga Marekani

Kila Desemba, nyumba nyingi za Marekani zikipokea wageni, mezani huletwa duara moja la rangi ya dhahabu: jibini la Brie lililofungwa ndani ya unga wa tabaka na kuokwa hadi likalegea ndani. Jina lake, Brie en croûte, ni la Kifaransa, na jibini lenyewe asili yake ni mashariki ya Paris. Lakini kulitoa likiwa moto, mwanzoni mwa karamu, tena na jemu, hiyo ni desturi ya Wamarekani, na walioiwezesha ni wenye sheria na wenye viwanda kuliko wapishi.

Kwao, katika mji wa Meaux, Brie ni sahani pana ya kipenyo cha sentimita 36 hivi na uzito wa karibu kilo tatu, iliyokula lita 25 za maziwa na kufunikwa kuvu nyeupe. Huliwa baada ya chakula kikuu, kabla ya kitu kitamu, bila kupashwa moto. Wafaransa hupenda kusimulia kwamba wakati wa Kongamano la Vienna, 1814 hadi 1815, mwanadiplomasia wao Talleyrand alishindanisha jibini za mataifa, na Brie likatawazwa mfalme. Hadithi tamu, ingawa mimi nisingeiapia.

Unga nao una safari yake. Ulaya ya Zama za Kati, ganda la unga lilitumika mahali pa chombo: gumu, la kupikia na kuhifadhia nyama, na mara nyingi halikuliwa. Kufikia katikati ya karne ya 17, enzi ya mpishi La Varenne, unga wa kukunjwa na siagi ulikuwa umeshaingia vitabuni. Anayepika chapati za kusukuma ataielewa kanuni yake, kwani mafuta kati ya tabaka ndiyo yanayozitenganisha. Mfaransa aliongeza ukaidi tu. Siagi baridi hufungwa ndani ya unga, ukasukumwa, ukakunjwa sehemu tatu, ukapumzishwa kwenye baridi, na kazi ikarudiwa hadi mara sita. Piga hesabu: tabaka 729 za siagi. Kwenye oveni, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuinua tabaka hizo, huku mafuta yakizizuia zisishikane. Siagi ikiyeyuka kabla ya kufika motoni, jasho lote limekwenda bure.

Sasa sheria. Brie de Meaux halisi ni la maziwa mabichi, na tangu 1980 jina hilo linalindwa kisheria Ufaransa. Marekani hairuhusu jibini la maziwa mabichi kuuzwa kabla halijatimiza siku 60, na Brie de Meaux likifika umri huo limeshaanza kupita utamu wake. Kwa hiyo linalouzwa madukani kule ni Brie la maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu: laini, pole, lisilo na ile harufu ya uyoga na zizi. Mpenzi wa jibini ataguna. Mwenye karamu hufurahi, maana jibini pole namna hiyo hukubali chochote, iwe jemu ya aprikoti, njugu au sukari ya kahawia.

Mwandishi wa mapishi Julia Child, kwa kitabu chake cha 1961 na kipindi cha televisheni kilichoanza 1963, aliwatia Wamarekani hamu ya vyakula vya Kifaransa. Juzuu ya pili ya kitabu hicho, mwaka 1970, ilifundisha hata unga wa tabaka. Ila wangapi wana nusu siku ya kukunja siagi? Viwanda, Pepperidge Farm ya Connecticut kikiwamo, viliuza unga huo ukiwa umekunjwa tayari na kugandishwa. Hapo kazi ikawa nyepesi.

Unga huo huyeyushwa ndani ya friji, si juu ya meza. Jemu hupakwa katikati, jibini baridi likalazwa juu yake, pembe zikakunjwa, kisha vyote vikageuzwa ili mshono ukae chini. Hupakwa yai na kuokwa kwa nyuzi 200 kwa nusu saa hivi. Ngozi nyeupe ya jibini usiibandue, ndiyo inayolizuia lisichuruzike. Likitoka, lipe robo saa kabla ya kutia kisu. Ukilikata papo hapo litamwagika lote kwenye sinia, na wageni wataambulia ganda tupu.