Gesi, makaa na kifua cha mtoto wa Eastlands: historia fupi

UZI 🧵

1/ Kila msimu wa bajeti mjadala wa ushuru wa gesi unarudi. Huyu anataja deni la serikali, yule anataja mazingira. Mtoto wa Kayole anayevuta moshi hatajwi. Tuangalie historia.

2/ Tuanze na nyumba. Makongeni na Kaloleni zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Dandora ikaja miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Leo wengi Eastlands wanaishi chumba kimoja: kitanda, jiko na mtoto, katikati ni pazia tu.

3/ Moshi wa makaa na mafuta taa una chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na nimonia haiko mbali. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mafuta taa yasitumike nyumbani. Tena kuna watoto huyanywa wakidhani ni soda, kwa sababu yamewekwa kwa chupa ya soda.

4/ 2016: serikali inaondoa VAT kwa gesi ya kupikia. Hapo sawa.

5/ 2018: Februari, ukataji miti kwa misitu ya umma unapigwa marufuku, makaa yanapanda bei. Septemba, mafuta taa yanawekewa tozo ya Sh18 kwa lita, ili yasichanganywe na dizeli. Sababu zote mbili zina maana, na kwa makaratasi kila mtu angehamia gesi.

6/ Lakini Julai 2021, VAT ya 16% inarudi kwa gesi, wakati bei ya dunia nayo inapanda. Makaa ghali, mafuta taa ghali, gesi ghali. Mama ahamie wapi? 2022 ikashushwa hadi 8%, Julai 2023 ikaondolewa.

7/ Hata bila VAT, mtungi kwa kawaida unajazwa kwa pesa ya mara moja. Makaa ni ya mkebe, mafuta taa ni ya kupima. Anayelipwa kwa siku hununua cha siku.

8/ Kwa hivyo, kupandisha bei ya nishati chafu peke yake hakusafishi hewa ya chumba. Mwanasiasa akikuambia sera yake ni ya mazingira, muulize: huyu mama atapikia nini kesho, na kwa shilingi ngapi? Akikosa jibu, gharama italipwa na kifua cha mtoto.