UZI: Skuta za umeme, nduthi na njia ya miguu. Historia fupi kutoka Thika na Ruiru

1/ Siasa zikipamba moto, mjadala huu hauchelewi kurudi: skuta na pikipiki za umeme ziruhusiwe barabarani na kwenye njia za miguu, ama zipigwe marufuku? Mmoja anasema ni ajira ya vijana, mwingine anasema ni vurugu. Hapa sitataja mwanasiasa wala chama. Nitaeleza historia, hasa ya huku kwetu Thika na Ruiru, halafu kila mtu aamue. Twende pole pole.

2/ Kwanza tuelewane maneno, maana watu huchanganya vitu vitatu. Kuna pikipiki ya umeme, yaani nduthi ya kawaida isiyo na tangi la petroli, ambayo betri ikiisha unabadilishiwa nyingine. Kuna baiskeli ya umeme. Halafu kuna skuta ya kusimama, ile ya magurudumu mawili madogo na usukani mrefu. Mtu akisema "hizi vitu za umeme zitolewe", muulize anasema gani. Jibu la moja si jibu la nyingine.

3/ Ugomvi wa nani apite wapi haukuanza leo. Uingereza ilitunga sheria ya barabara mwaka 1835 iliyokataza gari la kukokotwa kupita kwenye njia ya watembea kwa miguu. Wakati huo ni farasi na punda. Lakini kifungu hicho hicho, cha 72, ndicho bado kinatumika huko kuiondoa skuta ya umeme kwenye njia ya miguu. Karibu miaka 200 na bado kinafanya kazi.

4/ Kuna na mfano wa kinyume. Mwaka 1865 Waingereza hao hao waliamua magari ya injini yasizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini, na mtu atembee mbele ya gari akiwa na bendera nyekundu. Sharti la mwendo huo wa kobe lilidumu hadi 1896. Kwa hivyo historia inatupa mafunzo mawili: kuna sheria inayomlinda mtu, na kuna sheria inayoogopa tu kitu kipya. Kazi yetu ni kuzitofautisha.

5/ Sasa turudi nyumbani. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kwenye makaratasi ya wakoloni iliitwa Thika Tramway. Ilijengwa kwa ajili ya mazao ya masetla. Huku kote kulikuwa kahawa na mkonge. Wanaofanya kazi kwenye hayo mashamba walitembea. Hakuna aliyewachorea njia; walipita kando ya barabara ya mwenye gari, vumbi likiwafunika. Hiyo tabia ya kumwachia mtembea kwa miguu mabaki ya barabara ina mizizi mirefu.

6/ Na umeme wenyewe si mgeni huku. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, taa za Nairobi ziliwashwa kwa nguvu za maji ya mto Ruiru. Kwa hivyo mtu akikuambia teknolojia ya umeme ni mambo ya Ulaya yasiyotuhusu, mkumbushe Nairobi iliomba umeme Ruiru kabla Ruiru yenyewe haijawa mji.

7/ Sheria ya Trafiki tunayotumia, Sura ya 403, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1954, enzi za Hali ya Hatari. Imefanyiwa marekebisho mengi, lakini mifupa ni ile ile. Inasema gari ni chombo kinachoendeshwa kwa mitambo. Pikipiki ni gari jepesi lenye magurudumu chini ya manne. Haijali kama mtambo unakunywa petroli ama unachajiwa. Ukiisoma hivyo, hata skuta ya kusimama inaingia humo. Ndiyo maana wanaosema "hakuna sheria" wanakosea. Sheria iko, ila iliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuiona skuta ya umeme.

8/ Bodaboda tunaijua ilikotoka. Miaka ya 1960, mpakani Busia, vijana walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya hadi Uganda, wakiita "boda, boda". Ilikuwa kazi ya baiskeli kwa miongo kadhaa. Hakuna wizara iliyoibuni, hakuna mtaalamu aliyeandika ripoti. Watu waliona umbali na hakuna gari, wakaziba pengo.

9/ Kilichogeuza mambo ni kodi. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Angalia hesabu: 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 4,000. Mwaka 2008 zilipita 50,000. Mwaka 2010 zilipita 100,000. Kijana aliyekuwa anasukuma mkokoteni akapata nduthi kwa mkopo. Mama mjamzito wa huko ndani ndani akafika hospitali usiku. Haya ni mambo ya kweli na tusiyadharau.

10/ Lakini sheria haikuja pamoja na pikipiki. Ilikuja nyuma yake. Ni mabadiliko ya 2012 yaliyoandika wazi kwamba pikipiki ibebe abiria mmoja, na kwamba mwendeshaji na abiria wavae kofia ya kinga na koti la kung'aa. Kutoka 2008 hadi 2012 ni miaka minne. Miaka minne ya vijana kujifunzia barabarani, wengine bila leseni, na hospitali zikipata wodi ambazo wananchi wenyewe waliziita wodi za bodaboda.

11/ Wakati huo huo barabara yetu ilikuwa inajengwa. Kazi ya Thika Superhighway ilianza 2009 na ikafunguliwa rasmi Novemba 2012. Karibu kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika. Safari iliyokuwa inakula saa mbili za msongamano ikawa fupi. Mashamba ya kahawa yakageuka kuwa ploti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Huo ni umati unaoamka asubuhi na kutafuta usafiri.

12/ Na barabara hiyo iliundwa kwa ajili ya nani? Kwa gari linaloenda mbio. Vivuko vya juu vilijengwa, lakini mtu anayeshuka upande mmoja wa Ruiru na anaishi ng'ambo anajua vile kivuko kinaweza kuwa mbali. Njia za miguu na za baiskeli zilichorwa kwenye sehemu kadhaa. Leo zipite ujionee: meza ya mitumba, mkokoteni, gari limeegeshwa, na nduthi inakuja kwa kasi kwa sababu mwenyewe hataki kuzunguka hadi pa kugeuzia.

13/ Jambo ambalo wengi hawajui: kupita na chombo cha injini kwenye njia ya miguu ili ukwepe msongamano ni kosa tayari. Kifungu cha 45A, nacho kiliingia 2012. Kosa la kwanza ni faini isiyozidi shilingi 30,000, ama jela isiyozidi miezi mitatu, ama vyote viwili. Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi "tutaleta sheria ya kutoa nduthi kwenye njia ya miguu", anakuuzia kitu ambacho tayari ni chako. Muulize nani ataisimamia, na kwa nini haijasimamiwa.

14/ Si jambo dogo. Mwaka 2023 watu 4,324 walikufa kwenye barabara za Kenya, kulingana na NTSA. Kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu. Si madereva, si abiria wa matatu. Ni mtu aliyekuwa anaenda zake dukani, ama mtoto wa shule.

15/ Sasa umeme. Mwaka 2023 mambo yalienda mbio: mamlaka ya kawi iliweka bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa yuniti na 8 saa ambazo matumizi yako chini. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaziondolea pikipiki za umeme na betri za lithiamu VAT. Septemba, mpango wa kitaifa wa pikipiki za umeme ukazinduliwa Mombasa. Machi 2024 ikatoka rasimu ya sera ya usafiri wa umeme. Na hapa Thika, kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kinaunganisha mabasi ya umeme. Hii si ndoto ya mbali.

16/ Umeona mchoro? 2008: punguza kodi, vyombo vimwagike, sheria ije baadaye. 2023: punguza kodi... Tofauti ni kwamba sasa tunajua mwisho wa hadithi. Tukingoja tena miaka minne, hatutasema hatukujua.

17/ Tuwasikize wanaounga mkono, bila kuwadharau. Wanasema petroli imepanda, na betri inamwachia kijana kitu mfukoni jioni. Hewa ya stendi ya Thika itapata nafuu. Mwanafunzi wa Juja akiwa na skuta hahitaji matatu ya kwenda kilomita mbili. Na wengine wanasonga: Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria Kigali ziwe za umeme. Hoja hizi zina uzito.

18/ Wanaopinga nao wasikizwe. Skuta ya kilomita 25 kwa saa inaenda mara tano ya mtu anayetembea. Haina sauti. Mzee mwenye fimbo, mtu asiyeona, mama amebeba mtoto mgongoni: hawa hutegemea masikio kujua nini kinakuja nyuma. Nduthi ya petroli angalau hujitangaza. Kwenye njia ya upana wa mita moja na nusu, yenye muuza ndizi katikati, huwezi kuwaweka pamoja ukasema watapishana kwa adabu.

19/ Paris ilikaribisha skuta za kukodi mwaka 2018. Zikatupwa kila mahali. Tarehe 2 Aprili 2023 wakazi waliulizwa kwa kura, na karibu asilimia 89 ya waliopiga wakasema zitoke. Kufikia Septemba zilikuwa zimeondolewa. Lakini soma na upande wa pili: waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 8. Na zilizoondolewa ni za kukodi. Ya mtu binafsi bado inaruhusiwa. Yeyote anayetaja Paris kama ushahidi, wa upande wowote, akupe hesabu yote.

20/ Nani ana mamlaka hapa kwetu? Katiba, Jedwali la Nne, inaweka sheria za trafiki kwa serikali ya kitaifa, na barabara za kaunti, taa, trafiki na maegesho kwa kaunti. Superhighway yenyewe iko chini ya KeNHA. Ndio maana njia ya miguu ikivunjika, kila ofisi inakuelekeza kwa nyingine. Ukiahidiwa kitu, uliza ni cha ofisi gani.

21/ Maoni yangu sasa, na mnaruhusiwa kunipinga. Pikipiki za umeme ziwe barabarani kama nduthi nyingine zote: namba, leseni, bima, kofia. Skuta za kusimama ziruhusiwe kwenye njia za baiskeli na barabara za mwendo wa chini mtaani, kwa kikomo cha mwendo, lakini zisikanyage Superhighway yenyewe. Njia ya miguu ibaki ya miguu. Si kwa sababu skuta ni mbaya. Ni kwa sababu matatu zina sacco, bodaboda wana vyama, wenye magari wana mawakili. Anayetembea kutoka stendi hadi nyumbani Kihunguro hana mwenyekiti wa kumtetea.

22/ Na marufuku peke yake haisaidii. Nairobi imejaribu zaidi ya mara moja kuzuia bodaboda katikati ya jiji, na bado ziko. Askari wa kaunti anakamata, kijana anatoa kitu kidogo, kesho yuko pale pale. Mtu hupanda njia ya miguu akikosa njia yake. Mpe njia yake kwanza, halafu umkamate akiiacha.

23/ Basi wakija mikutanoni, maswali matatu tu. Moja: ni kilomita ngapi za njia ya miguu na ya baiskeli utajenga Thika na Ruiru, na kwa pesa ya fungu gani? Mbili: kifungu cha 45A utakisimamia vipi bila kukigeuza kitega uchumi cha rushwa? Tatu: skuta ikimgonga mtu leo pale Ruiru, nani analipa hospitali? Akijibu hilo la tatu kwa slogani, umeshapata jibu lako.

24/ Nimemaliza. Kama unatembea hiyo njia kila siku, andika hapa chini ni wapi pamekushinda kupita. Wenye nduthi pia semeni yenu, bila matusi. Sambaza kwa yule rafiki yako ambaye kila siku anasema "kwani hakuna sheria?"