Aliyetumwa Chai

Kikao cha kuuza shamba letu la Kitale kilifanyika Bungoma, kwa Kukhu, mwaka 2008. Nilikuwa darasa la saba. Nikatumwa chai. Niliporudi na birika, uamuzi ulishatoka: tunauza, haturudi kule.

Hakuna aliyeniuliza. Na nilikuwa na neno. Asubuhi tuliyokimbia, jirani, mtu wa kabila lingine, aliniambia atalinda ghala letu la mahindi mpaka turudi. Wakubwa hawakujua. Pengine bado tungeuza, lakini tungeuza tukijua.

Miaka mingi baadaye nilikutana na Benedikto wa Nursia, Mwitaliano aliyezaliwa karibu mwaka 480. Aliwaandikia wamonaki Kanuni yenye sura 73: saa za sala, za kazi, za kula, hata za kulala. Kwa haraka unaweza kudhani ni kitabu cha amri tu. Sasa fungua sura ya tatu. Kukiwa na jambo zito, abate aite jumuiya nzima, aeleze shida, asikilize kila mtu, kisha apime na kuamua. Kwa nini wote? Kwa sababu, anasema, mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora.

Hiyo si kura. Anayeshauri aseme kwa unyenyekevu, asing'ang'anie lake, na mwisho abate ndiye anayebeba mzigo wa uamuzi. Kwa mambo madogo, wazee peke yao wanatosha. Yaani Benedikto alijua pia kwamba kuitisha kikao kwa kila kitu ni kuchoshana.

Kanuni hiyo haiko mbali na sisi. Ukivuka Malaba ukafika Tororo, utawakuta Wabenediktini. Na Kipkelion, zamani Lumbwa, Watrapisti kutoka Uholanzi walianzisha monasteri mwaka 1956. Wao pia hufuata Kanuni ya Benedikto, na huahidi kudumu na jumuiya moja, si kuhamahama. Halafu ikaja ile vurugu ya baada ya uchaguzi, ileile iliyojaza watu kwenye kambi ya wakimbizi Kitale. Mwaka 2008 wamonaki wa Kipkelion waliondoka, wakahamia Uganda, na leo jumuiya yao iko Kijonjo, upande wa Masaka.

Nikisoma habari yao naikumbuka familia yetu. Mwaka mmoja, swali moja: tubaki au twende? Kwa hiyo siwezi kusema kuondoka ni kosa. Watu walioahidi kudumu waliondoka. Kilichoniuma mimi ni ile birika.

Mwaka huu tumekaa tena. Kukhu amezeeka, na wajomba wanataka ahamie kwa binti yake Kitale mjini, karibu na hospitali. Kila mtu alikubali. Nikamwita mpwa wangu wa miaka kumi, anayelala chumba kimoja na Kukhu. Nikamuuliza anaonaje.

Akatazama chini kwanza. "Usiku haoni," akasema. "Huku anahesabu hatua mpaka chooni. Kule atahesabu nini?"

Kimya. Mjomba mkubwa akavua kofia, akajikuna kichwa. Uamuzi bado ni wake, na hajautoa. Ila jioni ile chai aliileta yeye mwenyewe.