Majivu ya Nyanya

Nyanya yangu hakupanda muhogo bila majivu. Alikata mashina kiasi cha shibiri moja moja, kisha ncha za kila pingili akazichovya kwenye majivu ya jikoni. Kidonda lazima kifungwe, alikuwa akisema. Majani yalipojikunja na kuingia mabaka ya manjano, majirani walisema majivu yalikuwa machache. Naye akaamini. Msimu uliofuata akayazidisha, na mabaka yakarudi vilevile.

Lawama hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute historia ya ugonjwa wenyewe, batobato. Mjerumani Otto Warburg aliueleza kwa maandishi mwaka 1894, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, H. H. Storey na mwenzake walionyesha kwamba ugonjwa huu hubebwa na inzi weupe. Lakini kuna njia ya pili, na hiyo ndiyo inayoniuma: pingili yenyewe. Ukikata shina lenye virusi, umepanda ugonjwa kwa mkono wako.

Sasa majivu yangefanya nini? Kazi yanayo, tusiyadharau. Hukausha jeraha, na ukali wake wa magadi huupa ukungu unaoozesha pingili wakati mgumu. Ila huo ni ulinzi wa mlangoni, na mwizi alikuwa tayari ndani ya shina.

Pale Amani walichanganya muhogo na mpira wa Ceara, jamaa yake kutoka Brazil, kisha wakairudisha mimea hiyo kwenye muhogo kizazi baada ya kizazi hadi wakapata inayostahimili. Mmoja wa uzao huo ulifika pwani yetu, wakulima wakauita Kaleso.

Nyanya hakununua mbegu maishani mwake. Aliomba kwa jirani, na jirani akiishiwa alikuja kuomba kwake. Ukarimu huo ulitulisha miaka ya njaa. Kumbe ndio huohuo uliousafirisha ugonjwa kutoka boma hadi boma.

Siku hizi nikitaka mbegu, naenda kwanza kuangalia majani ya shina mama lingali limesimama shambani. Likiwa na mabaka, siligusi. Likiwa safi, nakata na kuchovya majivu kama nilivyofunzwa. Majivu ya nyanya yalikuwa yanatosha. Hakuna aliyemwambia aangalie majani kabla ya kukata.