Kinu cha kusaga kikibadilisha sauti, tafuta chanzo kabla ya kuendelea

MASHINE ya kusaga nafaka haikosi kelele. Nyundo zake za chuma huzunguka kwa kasi kubwa, zikiyaponda mahindi hadi yapenye katika matundu ya chekeche. Kelele hiyo haina neno. Inayopaswa kumtia wasiwasi mwenye kinu ni sauti mpya, ambayo jana haikuwapo.

Wengi huipuuza kwa kuchelea kuwapoteza wateja waliopanga foleni na madebe yao. Hata hivyo, kinu chenye hitilafu chaweza kutia vipande vya chuma katika unga wa watu, kuharibu mota au kumjeruhi anayekiendesha.

Jambo la kwanza ni kukizima na kukata umeme kwenye swichi kuu. Ikiwa kinaendeshwa kwa injini ya dizeli, hakikisha kwamba hakuna mtu awezaye kuiwasha ukiwa kazini. Kisha subiri. Nyundo huendelea kuzunguka kwa muda baada ya mashine kuzimwa, na mkono unaoingizwa mapema unaweza kukatika.

Toa mikanda, uondoke karibu, halafu uwashe mota peke yake. Kelele ikiwa ingalipo, kasoro iko kwenye mota. Ikiwa imekwisha, kata umeme tena na ukizungushe kinu polepole kwa mkono ukishika puli, huku ukisikiliza.

Kila sauti ina chanzo chake

Mgongano mkali wa ghafla huashiria kwamba jiwe, msumari au nati imeingia pamoja na nafaka, ama nyundo imevunjika. Usikisage hata kibaba kimoja zaidi. Fungua kinu, uondoe kilichomo na ukague chekeche, kwani likitoboka litapitisha chuma. Unga uliokuwa ukitoka wakati huo usiliwe na mtu wala mfugo.

Mdundo wa mfululizo unaoitikisa hata sakafu hutokana na nyundo zisizolingana uzito. Nyundo iliyolika upande mmoja yaweza kugeuzwa ili itumie ukingo ambao haujalika. Zikilika kote, badilisha zote kwa pamoja. Kabla ya kuzirudisha, zipime kwenye mizani, na zile zinazoelekeana ziwe na uzito sawa. Kuweka nyundo moja mpya kati ya kuukuu ni kualika mtikisiko upya.

Mngurumo usiobadilika, kinu kiwe na nafaka au kiwe kitupu, aghalabu ni wa beringi. Dalili nyingine ni joto jingi na shafti inayochezacheza ukiitikisa. Grisi husaidia beringi iliyokauka, lakini haiwezi kuponya iliyokwisha kulika. Tena grisi ikizidi, beringi hupata joto vilevile. Unapoingiza mpya kwenye shafti, isukume kwa bomba linalogusa duara lake la ndani pekee. Ukigonga duara la nje, utaiharibu kabla haijafanya kazi.

Mlio mwembamba wakati wa kuwasha, au nafaka inapoingia kwa wingi, ni wa mkanda unaoteleza. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kwa umbali wa mita moja, kubonyea sentimita moja na nusu hivi kunatosha. Nyosha uzi kando ya puli zote mbili kuona kama zimelingana. Usipake mkanda mafuta ili kuunyamazisha, kwani utateleza zaidi.

Mtetemo wa mabati huwa ni bolti zilizolegea, hasa zile za msingi wa saruji. Hizo hukazwa kwa spana tu.

Lakini mota ikivuma bila kuzunguka, izime mara moja. Huenda umeme umepungua njia moja kati ya tatu, na mota inaweza kuungua. Kazi hiyo mwachie fundi wa umeme mwenye leseni.

Baada ya matengenezo

Rudisha kifuniko cha mikanda kabla ya kuwasha, maana leso au mkono wa shati ukinaswa humvuta mtu mzima. Kiache kinu kizunguke kitupu kwa dakika chache, kisha usage nafaka kidogo na upitishe sumaku katika unga huo. Sumaku nyingine ifungwe kwenye mdomo wa kuingizia nafaka.

Hata kinu kizima huumiza masikio. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, hivyo mwendeshaji avae vizibo vya masikio. Na kila asubuhi, kabla ya kuvivaa na kabla ya mteja wa kwanza kufika, akisikilize kinu chake kikiwa kitupu.